Usitandike Kitanda

Dada yangu anatandika vitanda hotelini, nchi ya mbali. Vyumba kumi na sita kwa siku, kila kitanda dakika tatu, pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha. Katika kazi hiyo, kitanda kikishatandikwa, maana yake mgeni ameondoka. Miaka mitatu ya kazi hiyo imeingia mikononi mwake kiasi kwamba hata akiwa kwa watu, akiona shuka imejikunja, ataivuta tu.

Alikuwa anarudi nyumbani kwa mara ya kwanza kumwona binti yake. Tunamwita Kibogoyo, kwa kuwa meno yake ya mbele yameng'oka yote kwa mpigo. Dada alimwacha ana miaka mitatu, sasa ana sita, na hofu yake ilikuwa moja: kwamba mtoto hatamtambua. Kila akipiga simu aliniuliza kama bado namwonyesha picha yake. Nilimwambia atulie, mtoto anaijua ile picha kuliko ninavyoijua sura yangu. Mimi ndiye mwenye wasiwasi katika familia. Nikimwambia mtu atulie, ujue mambo ni mazuri kweli.

Ndege yake ilitua saa tatu asubuhi katika mji asioujua. Ya pili ingeondoka saa nane mchana. Wengine wangekaa kwenye viti vya chuma wakichezea simu. Dada alitaka kuutumia muda ule: aone mitaa kidogo, anunue gauni la mtoto, aoge, anyooshe mgongo, atufikie akiwa na sura ya mama na si ya mzigo uliopotea. Maneno hayo ni yake, aliniandikia akiwa kwenye foleni ya uhamiaji.

Gauni alilipata mtaa wa nyuma ya uwanja, la rangi ya machungwa, lenye mifuko miwili. Muuza duka akamwelekeza nyumba ya jirani, ambako mama mmoja hukodisha chumba kwa saa kwa abiria wanaobadilisha ndege.

Yule mama alikuwa anapiga pasi sebuleni. Alimpa taulo na ufunguo, akampeleka chumbani. Kitanda kilikuwa shaghalabaghala: shuka imesukumwa miguuni, mto umelala upande. Dada akakitazama kwa jicho la kazi.

"Shuka ni safi, nimefua jana," mama akasema. "Nimeivuruga mwenyewe. Ukiamka, kiache hivyohivyo. Usitandike."

Dada akamtania kwamba basi angehamia hapo moja kwa moja, maana ndiyo nyumba ya kwanza kumkataza kazi. Mama hakucheka. Alirudi kwenye pasi yake.

Dada alioga, akatega kengele ya simu saa sita kamili, akalala upande wa ukutani. Anakumbuka kugeuka mara moja usingizini. Upande wa pili wa godoro ulikuwa na joto.

Kengele ililia, hakuisikia. Alizinduka saa saba kasoro dakika ishirini. Alivaa viatu akiruka kwa mguu mmoja, akiiwaza ndege, akimuwaza mtoto. Na kichwa kikiwa tayari uwanjani, mikono ikafanya inachokijua. Ikakung'uta shuka. Ikakunja pembe. Ikapiga mto mara mbili. Alipojitambua, kitanda kilikuwa kimenyooka kama karatasi.

Mlango ukafunguka. Yule mama alisimama kizingitini.

"Umetandika," akanong'ona.

Dada akaanza kuomba radhi. Yule mama akamweleza kwa haraka, macho yake hayabanduki kitandani. Miaka ishirini na miwili iliyopita, abiria mmoja wa kike alijilaza pale asubuhi akisubiri ndege ya mchana. Hakuamka. Tangu siku hiyo, kitanda kikitandikwa, yule abiria anajua saa ya kuondoka imefika. Huinuka. Mlango wa mbele hufunguka wenyewe. Hufika barabarani, hukosa wa kufuatana naye, hurudi kulala.

"Unakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Kwa binti yangu."

Yule mama akaufunika mdomo kwa kiganja. "Na yeye alikuwa anakwenda kwa mtoto," akasema.

Nyuma ya dada, chaga za kitanda zikalia. Kama zinavyolia mtu anapoinuka.

Aliiwahi ndege. Ilikuwa nusu tupu, na kiti cha pembeni yake hakikuwa na mtu. Mkanda wa kiti hicho ulikuwa umefungwa. Hilo si ajabu. Ila haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umeinuka, umefanya duara, kama umezunguka tumbo la mtu. Dada aliutazama saa tatu nzima. Mara moja tu alithubutu kunong'ona.

"Yule mtoto ni wangu."

Mkanda ukapanda kidogo, ukashuka. Kama mtu amevuta pumzi.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Tulikuwa ukumbi wa kupokea wageni, mimi, mama yetu na Kibogoyo. Dada akatokea. Akapiga magoti palepale sakafuni, akafungua mikono. Mtoto akakimbia akicheka.

Akampita.

Akampita kwa hatua tatu. Akasimama mahali pasipo na mtu, akainua mikono, akakumbatia. Shavu lake likabonyea, kama limeegemea nguo.

"Mama," akasema.

Mama yetu alicheka, akasema mtoto ana haya. Dada alikuwa bado amepiga magoti. Mikono yake ilikuwa bado wazi.

Leo ni siku ya tisa. Kibogoyo ana adabu kwa dada. Kila asubuhi humwamkia, "Shikamoo, anti." Siku za kwanza dada alimsahihisha, akamwonyesha picha, akaiweka karibu na uso wake. Sasa huitikia tu kwa kichwa.

Jana nilimfumua mtoto nywele, nikamwosha, nikamlaza chumbani kwangu. Mlango niliufunga, ufunguo nikautia ndani ya foronya yangu. Asubuhi alikuwa amesukwa. Mistari kumi na minane, imenyooka, mtindo ambao nyumbani kwetu hakuna anayeujua. Nilimkalisha kati ya magoti yangu nikaanza kufumua, mmoja baada ya mwingine. Katika mstari wa mwisho kulikuwa na unywele mweupe, umesukwa pamoja na zake.

Niliuvuta. Ukaja. Ukaendelea kuja, mrefu kuliko mkono wangu. Halafu ukakaza, na hapakuwa na kitu ulichonasia.

Kibogoyo alinishika kidole.

"Taratibu, mama mdogo," akanong'ona. "Unamuumiza."