Uzito wa Nyuma

Jua lilikuwa linazama Fundi alipomaliza kulifunga tela nyuma ya gari. Lilikuwa tela la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, mali ya marehemu kaka yake. Shemeji yake, mjane, alitaka lifike kwao leo hii hii. Upepo ulikuwa wa kung'oa mabati, lakini mwanamke yule akishikilia jambo, hata umlilie hasikii.

Fundi hakuwa mtu wa kubahatisha. Vitu vizito alivipanga sakafuni, mbele kidogo ya magurudumu, maana tela likizidi uzito nyuma, upepo hulirusha huku na huku mpaka linaangusha na gari. Alichungulia kila kona. Hamna mtu.

Walipofika uwandani, shemeji ameketi kando yake, tela likaanza kuyumba.

"Nyuma kumekuwa kuzito," Fundi alisema. "Umeweka nini?"

"Sijaweka kitu, shemeji. Wewe endesha tu."

Hakukanyaga breki. Aliachia mafuta taratibu, usukani kaushika sawa. Kule nyuma... kishindo. Kingine.

Mtu anatembea.

Harufu ya sigara ikaingia, zile za kaka yake, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Usipunguze mwendo," shemeji alinong'ona.

"Nisipopunguza tutapinduka."

"Nakuomba. Usisimame."

Fundi alimtazama kwa jicho la pembeni. Tangu msibani kuna kitu kilimkereketa rohoni. Mumewe alianguka bafuni, ndivyo alivyowaambia. Mbona nguo zake zilijaa vumbi la barabara? Siku ile Fundi alilimeza swali kwa heshima. Leo halikumezeka.

Akaingia nyuma ya ukuta wa ghala, pasipo upepo, akasimama.

Shemeji akaanza kulia. "Tuligombana, akaenda kulala humo ndani. Nikaendesha mimi. Upepo kama huu. Nikapunguza mwendo, akadhani tumefika, akafungua mlango... Nilimwona kwenye kioo akianguka. Sikusimama. Nilirudi kumchukua asubuhi."

Nyuma yao, mlango wa tela ukafunguka.

Hatua zikaja polepole, zikisaga kokoto, zikakoma kando ya gari.

"Washa," shemeji alinong'ona. "Washa twende."

Fundi aliogopa. Lakini aliyekuwa nje ni kaka yake, tumbo moja, aliyeachwa barabarani usiku kucha. Akanyoosha mkono, akafungua mlango ulio nyuma ya kiti cha shemeji.

Gari likainama kidogo, kama mtu mzima anapoketi.

Walipoondoka, tela halikuyumba tena. Shemeji hakuthubutu kugeuza shingo njia nzima, na Fundi hakumwonea huruma.