Tangi la Wote, Kadi ya Mmoja

Kila Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza, msichana mmoja wa darasa la sita alibandika gazeti la ukutani kando ya ofisi ya walimu. Wenzake walimwita Kiherehere kwa jinsi alivyopenda kujua mambo, naye aliliona jina hilo kuwa sifa. Kwa kawaida aliandika matokeo ya mpira na habari za masweta yaliyopotea. Muhula huo alipata habari kubwa.

Wanafunzi kumi na mmoja waliharisha ndani ya wiki moja. Kiherehere akapanda ngazi, akachungulia ndani ya tangi la maji ya kunywa. Mfuniko ulikuwa umepasuka, na panya mfu alielea humo, amevimba.

Alikimbia kwa mwalimu mkuu.

"Hayo ni mambo ya ndani ya shule," mwalimu mkuu alisema bila kuinua macho. "Hayatangazwi. Umenielewa?"

"Lakini mwalimu, watu wanaumwa."

"Nimeuliza, umenielewa?"

Jioni alimsimulia shangazi yake, mwandishi wa habari. "Andika," shangazi alimwambia. "Ulichokiona kwa macho yako, na idadi ya wagonjwa. Basi."

Kiherehere aliona hiyo "basi" ni ya watu waoga. Habari isiyo na mtu, nani ataisoma? Naye mtu alikuwa naye: rafiki yake wa dawati moja, aliyelazwa siku tatu. Alipompelekea madaftari hospitalini, aliikuta kadi yake ya matibabu mezani, akaisoma. Iliandikwa kuharisha, na chini yake, dawa za kifafa, alizokuwa akizitumia tangu akiwa mdogo.

"Usimwambie mtu," rafiki yake alinong'ona.

"Aa, nimwambie nani?"

Jumatatu aliandika yote: panya, mfuniko, jina la rafiki yake, na kifafa.

Kufikia mapumziko, watoto walikuwa wamejazana ukutani kama nyuki. Mwalimu mkuu alilichana gazeti, lakini habari ilishatoka. Mchana wazazi walifika langoni wakipaza sauti. Kesho yake tangi lilisafishwa, likapata mfuniko mpya. Kiherehere akatembea kifua mbele.

Alhamisi rafiki yake alirudi. Bombani, hakuna aliyekubali kupokea kikombe chake. "Mate yake yakikugusa, nawe utaanguka!" mmoja alisema, wengine wakacheka. Ulikuwa uongo mtupu, lakini nani alijali? Walilisukuma dawati lake mpaka ukutani.

Rafiki yake alimtazama Kiherehere machoni. "Kifafa changu kilimuua yule panya?"

Jioni Kiherehere alimweleza shangazi yote.

Shangazi aliposikia, alimshika mkono wakaenda nyumbani kwa rafiki yake kuomba radhi. Mama wa rafiki huyo aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu anaanza shule nyingine."

Mlango ukafungwa. Rafiki yake hakutoka.

Njiani Kiherehere alilia. "Shangazi, si wewe uliniambia niandike?"

"Nilikwambia uandike habari ya tangi. Watu wasipoijua hiyo, wanakunywa uchafu. Kwa hiyo mwalimu mkuu hakuwa na haki ya kuificha. Ile haikuwa siri yake, ilikuwa aibu yake. Sasa niambie, watu wasipojua kifafa cha mwenzako, nani anaumia?"

"Hakuna."

"Na wakijua?"

"Yeye."

"Basi pima hivyo kabla hujashika kalamu. Hata sheria inalinda habari za ugonjwa wa mtu. Mimi ningeiandika gazetini kwetu, ningesimamishwa mahakamani. Kuna ukweli ambao ni wa watu wote, na kuna ukweli ambao una mwenyewe. Huo wa pili, hata ukiuona kwa macho yako, si wako kuutoa."

Walifika kwenye kona.

"Tangi ni safi sasa," Kiherehere alisema, "na yeye hayupo."

"Ndiyo. Yote mawili umeyafanya wewe, na yote mawili utaishi nayo."

"Atanisamehe?"

Shangazi hakumdanganya. "Kuomba ilikuwa juu yako, umeomba. Kusamehe ni juu yake. Usimfuate kumdai."