Kasha Lililofunguliwa Bila Kuvunjwa

Saa moja asubuhi Rolande alifungua kasha la chuma ili aisafishe bastola yake kabla ya mashindano ya kulenga shabaha ya Jumapili. Kasha lilikuwa tupu. Mlango haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Risasi, alizozifungia kwenye kasha jingine, zilikuwepo zote.

Alipiga simu polisi mwenyewe. Inspekta Kasoki alifika kwenye fleti hiyo ya mtaa wa Molenbeek na kuuliza maswali kabla hajavua koti.

"Nani ana ufunguo wa nyumba?"

"Mimi, bwana yangu Bertin, na Gracieuse, muke ya kocha wangu Désiré. Yeye njo anachukuaka mutoto yangu ku masomo."

"Na wa kasha?"

Rolande alivuta mkufu shingoni. "Iko moja tu. Nalala nayo, naoga nayo."

"Bastola isipopatikana?"

"Banapokonya kibali. Maman, kule Goma tulikimbia bunduki. Hapa ugenini nilijifunza kuishika bila kutetemeka. Nisaidie."

Bertin, aliyesimama mlangoni, alicheka kwa uchungu. "Andika jina yangu, Inspekta. Kila mutu alinisikia nikisema ile kitu itoke mu nyumba. Kila samedi, kila Jumamosi, anajipaka manukato, anaenda ku mazoezi ya shabaha. Mi nabaki na sahani."

"Una wivu na kocha?"

"Na karatasi za shabaha! Anaziangalia kuliko mimi."

Kasoki alipitisha pamba ndani ya tundu la kitasa. Ilitoka na chembe za njano. Ufunguo wa Rolande ulikuwa wa chuma, wa kijivu.

"Ufunguo mpya wa shaba umepita hapa. Kuna mtu alichonga nakala." Akamgeukia Bertin. "Si wewe. Unalala kando yake, ungeuvua tu shingoni. Na mwizi anayetaka silaha hubeba risasi pia. Huyu alitaka tu Rolande asiwe na bastola."

Kisha akatazama kichwa cha Rolande. Rasta zilikuwa mpya.

"Nani amekusuka?"

"Gracieuse, ku saluni yake, Chaussée de Wavre."

"Ukiwa na mkufu?"

Mkono wa Rolande ulipanda shingoni, ukabaki hapo. "Niliutoa. Nywele zinanasa. Nilimupa."

"Ukakaa kichwa chini."

"Toute la journée, siku nzima. Alitoka kidogo, alisema meshi za kusukia zimeisha."

Kasoki na Rolande walipofika, saluni ilikuwa imefunguliwa. Gracieuse alikuwa akifagia, na Désiré amekaa karibu na hita na kahawa yake.

"Maman Gracieuse," Kasoki alisema, "nitazunguka kwa wachonga funguo wote wa mtaa huu wa Matonge na picha yako. Au unieleze sasa."

"Funguo gani? Mi nasukaka nywele."

Lakini macho yake yalikuwa yamekwishapanda kwenye boksi la meshi juu ya kabati. Kasoki alivaa glavu, akalishusha. Bastola ilikuwa ndani, imefungwa taulo.

Désiré aliweka kikombe chini. "Gracieuse!"

"Nyamaza, weye!" Ufagio ulianguka. "Sikutaka kuumiza mutu. Nilitaka bamunyang'anye papier, kile kibali, aache kwenda kule. Kila samedi unarudi: Rolande alipiga katikati, Rolande mukono yake haitetemeke. Mimi mikono yangu inasuka mpaka inavimba. Uliisifu siku gani?"

"Gracieuse, kule tunaziba masikio," Rolande alisema. "Hatuongee hata."

"Nyumbani anaziba pia."

Rolande alimgeukia Inspekta. "Bon, imeonekana. Donc dimanche, Jumapili, nitashindana?"

"Hapana. Ufunguo ulitoka shingoni mwako ukaingia mkononi mwa mtu mwingine. Nitaandika hivyo. Kibali kinasimamishwa mpaka wakubwa waamue."

"Lakini alikuwa rafiki yangu!"

"Kasha lilikuwa lako."

Rolande alikaa kwenye kiti cha kusukia, akafunika uso. Gracieuse alimtazama, kisha akamtazama mumewe. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Umesikia? Samedi Rolande haendi."

Désiré alichukua koti lake.

"Hata bila Rolande, mi naenda," alisema.