Bibi Cresensia Hataki Kubebwa

Kila siku Selina alipotoka shule alivua sare, akala makande yaliyobaki mchana, kisha akamtoa Bibi nje. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake. Mama alikuwa bado shambani akipalilia mbaazi, na Baba, dereva wa magari ya watalii, alikuwa huko hifadhini kreta na wageni wake.

Bibi Cresensia hakuwa mtu wa kutolewa nje na mtu. Pale kijijini Qurus walimjua kama mwanamke wa kubeba gunia mwenyewe na kugomba mpaka jirani wa tatu akasikia. Lakini alipopewa dawa za presha alizitumia kidogo akaziacha, eti anajisikia mzima. Asubuhi moja, akipuliza moto jikoni, mdomo ulikwenda upande, na mguu na mkono wa kulia vikakataa kumtii. Hospitali wakasema ni kiharusi.

Aliporudi nyumbani, Dada Mwamini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja kwa pikipiki kutoka Karatu mjini. Alimwonyesha Selina jinsi ya kuunyoosha mguu wa Bibi na jinsi ya kumsimamisha. Alimwambia Baba achimbie miti ya mkaratusi kutoka mlangoni hadi chooni, Bibi apate pa kushikia.

"Ubongo wa Bibi unajifunza upya kuuamuru mguu huu," Mwamini alieleza. "Mkimfanyia kila kitu, utajifunza nini? Kaa karibu naye asianguke, lakini usimbebe. Hata akitoka jasho, msubiri."

Bibi alitaka kitu kimoja tu: kwenda chooni mwenyewe. Alikisema kwa ulimi mzito, maneno yakitoka kwa shida. "Baba yako... nilimzaa mimi. Leo ananishika... chooni. Aibu, mjukuu wangu." Machozi yakamtoka. Selina hakujua aangalie wapi.

Basi wakaanza. Bibi alishika mti kwa mkono wa kushoto, akauburuta mguu, akapumzika, akauburuta tena. Polepole alianza kufika katikati ya njia.

Siku hiyo alikuwa hapo katikati, mguu ukimtetemeka na jasho likimchuruzika, akina mama wa jumuiya ya kanisa walipoingia uani na maziwa na sukari kumjulia hali. Mbele alikuwa Mama Silvanus, jirani.

"Yesu wangu!" alipiga kelele. "Selina! Umesimama tu unamtazama bibi yako akiteseka? Huyu ni mgonjwa, siyo punda!"

"Mama, tumeambiwa na mtaalamu..."

"Mtaalamu gani? Shika huku, jamani, tumwingize ndani!"

Wakambeba Bibi juu juu mpaka kitandani. Wakamfunika blanketi, wakamnywesha maziwa kama mtoto mchanga. Bibi alijaribu kukishika kikombe mwenyewe, wakamshusha mkono. "Watoto wa siku hizi hawana huruma," mmoja alinong'ona, na Selina akasikia. Lo! Lilimchoma neno lile. Alijificha jikoni akalia mpaka wageni wakaondoka.

Kesho yake hakumtoa Bibi nje. Alimlisha kwa kijiko na kumwekea ndoo karibu na kitanda.

"Nje," Bibi alisema, akionyesha mlango.

"Pumzika, Bibi. Watu watasemaje?"

Majirani waliposikia walimsifu. Selina sasa amekuwa binti, walisema, anajua kutunza mgonjwa. Na tuseme ukweli, kumsubiri Bibi kulichosha, na kusifiwa kulikuwa kutamu. Isitoshe, alipata muda wa kwenda kucheza netiboli. Ile miti ya mkaratusi akaifanya mahali pa kuanikia nguo. Baba na Mama walirudi jioni wamechoka, na walipouliza habari za mazoezi, alijibu kwamba yanaendelea vizuri.

Mwamini alikuwa na wagonjwa mpaka vijiji vya mbali kama Buger, kwa hiyo alikawia kurudi. Jumamosi moja, Baba akiwa nyumbani, pikipiki yake ikasikika njiani. Selina alikimbia uani, akazivuta nguo zote kwenye miti na kuzitupa ndani ya beseni zikiwa bado mbichi.

Mwamini alimwamkia Bibi, akaushika mguu. Akajaribu kuukunja unyayo, ukakataa. Akajaribu kumsimamisha, Bibi akaporomoka mikononi mwa Baba.

"Mazoezi mlifanya?" aliuliza.

"Ndiyo," Selina alijibu upesi. "Kila siku."

"Bibi, ni kweli?"

Bibi alimtazama Selina. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Mwamini akashusha pumzi. "Basi sitawaficha. Kama amefanya mazoezi kila siku na mguu uko hivi, sina matumaini kwamba atatembea. Mtafutieni kiti cha magurudumu. Haya ya kutembea tuyaache, tusimtese bure."

Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Nitampeleka Babati kwa dada yangu. Kule kuna choo cha ndani."

Bibi aligeukia ukutani. Mabega yake yalianza kutikisika.

"Amenitetea!" Selina alipaza sauti. "Bibi amenitetea tu! Hatukufanya. Niliacha tangu siku ile majirani walipomkuta akitoka jasho, wakasema sina huruma. Alikuwa ananiomba nimtoe nje, mimi namlaza. Nimedanganya, Baba!"

Baba aliinuka kwa hasira. Mwamini akamzuia kwa mkono.

"Selina," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha, "nilikuwa karibu kuacha kumtibu bibi yako kwa sababu nilikuamini wewe. Sasa siahidi kitu, amepoteza muda mwingi. Lakini tutaanza upya, na wewe, Baba Selina, majirani ni juu yako kuwaeleza."

Walianza upya, na haikuwa rahisi. Kifundo kilichokakamaa kilimuuma Bibi mpaka akamgombeza Selina kwa lugha yao ya Kiiraqw, maneno mengine hayafai kuandikwa hapa. Mvua zilikuja, njia ikateleza, akaanguka. Alilia, Selina naye akalia, kisha wakaendelea. Jioni Bibi alipukuchua mahindi kwa ule mkono dhaifu, punje moja moja, na hakuna aliyemsaidia.

Mbaazi zilipokomaa, sala ya jumuiya iliangukia nyumbani kwao. Akina mama walikuwa katikati ya sala pale uani, Bibi alipochukua fimbo yake ya kutembelea na kuinuka. Mama Silvanus akaruka kutoka kwenye benchi.

Selina akasimama mbele yake. "Mama, nakuomba usimshike."

"Ataanguka, mwanangu!"

"Nipo karibu naye."

Bibi akaushika mti wa kwanza. Mguu uliburuzika, ukakwama, ukaendelea. Sala ilikatika. Alifika chooni, akaingia, akaufunga mlango mwenyewe. Baba aliinamisha kichwa, na Mama akajifuta macho kwa kitenge.

Aliporudi, Mama Silvanus alikuwa akilia waziwazi. "Mama, utusamehe. Tulidhani tunakuhurumia."

"Mlinihurumia," Bibi alisema taratibu. "Lakini mlinibeba... nikabaki kitandani. Mgonjwa msimfanyie lile analoliweza. Msubirini, hata akichelewa." Akamgeukia Selina na kumwekea ule mkono wa kulia begani. "Na wewe. Jambo likikushinda, sema. Ukisema, tutakusaidia. Ukidanganya, nani atajua kwamba limekushinda?"

"Nimesikia, Bibi."

Bibi akakaa kwenye kiti chake, akaegemeza fimbo ukutani.

"Haya," akasema, "tulifikia wapi kwenye sala?"