Udongo Juu ya Ufa

Kila Jumamosi asubuhi Kadogo alimbebea shangazi yake tochi hadi kwenye mgodi wa zamani, mlimani. Shangazi alikuwa mwongoza watalii, nao walipenda ukuta wa mawe yanayometameta humo ndani. Lakini ukuta ulikuwa na ufa, na Shangazi alikuwa ameupaka udongo. Udongo ukiwa mzima, jiwe limetulia. Ukipasuka, jiwe limesogea, na haingii mtu.

Jumamosi moja Shangazi alibaki getini kupokea wageni, akamtuma Kadogo atangulie kutazama. Udongo ulikuwa umepasuka.

"Huyu ni Redio tu," Kadogo alinong'ona.

Redio, msichana asiyenyamaza, alikuwa binti wa muuza mawe ya urembo pale njiani. Mgodi ukifungwa, watalii wote huishia kwenye meza ya mama yake. Na jana si alikuwa akichungulia mlangoni? Kadogo akachota udongo mbichi, akaziba, akalainisha kwa kidole.

Nje alimkuta Redio.

"Mbona mikono yako misafi hivyo?" Kadogo alimuuliza kwa jicho kali.

"Kwani kunawa ni kosa, afande? Yako ndiyo ina matope!"

"Umekwangua udongo wa shangazi!"

"Mimi? Humo ndani naogopa hata kivuli changu!"

Shangazi akafika na wageni. "Vipi ndani?"

"Salama, shangazi."

Jibu lilitoka haraka mno. Shangazi alimtazama vidole, akaingia peke yake, akatoka na udongo mbichi kiganjani.

"Nani amepaka huu?"

Redio akaitazama mikono ya Kadogo.

"Mimi," Kadogo alisema, machozi yakimlenga. "Ulikuwa umepasuka. Nilijua Redio ameuchokonoa."

"Ulimwona?"

"Hapana."

Shangazi akafunga mnyororo mlangoni. Wageni walinung'unika, wakaenda kupekua mawe mezani kwa mama Redio. Walikuwa bado wanauliza bei pale kishindo kiliposikika, na vumbi likatoka mgodini kama moshi. Hakuna aliyenung'unika tena.

"Nilikutuma unieleze ulichokiona," Shangazi alisema taratibu. "Wewe ukanificha ulichokiona, ukashika ulichodhani. Hawa watu wote wangekuwa chini ya lile jiwe, na mimi nikiwa mbele yao."

Kadogo akamgeukia Redio. "Nisamehe, mwenzangu."

"Nimekusamehe," Redio alijibu. "Ila nenda kanawe kwanza."