Mkahawa Uliomkumbuka Fundi Saa

Ndugu zangu, mwenye kuku wa kukaanga mbele yake amsogeze kando kidogo, asikie habari hii.

Fundi Saa alikuwa mgane mstaafu aliyeishi peke yake katika vyumba viwili. Ukutani alining'iniza saa saba alizotengeneza kwa mkono wake, zote zikikubaliana hadi sekunde. Jioni sufuria ya maharage ilichemka taratibu, naye akala polepole, akikitazama kiti cha marehemu mkewe. Daktari alikwisha kumwonya: "Mzee, sukari yako iko juu. Vya kukaanga na soda viache, usije ukapoteza mguu." Akaviacha. Alikuwa mtu wa kusikia.

Siku moja mvua ikamkuta njiani, akaingia mkahawa wa kuku kujikinga tu. Binti wa kaunta akamwomba namba ya simu na jina analopenda kuitwa. Kesho yake, saa kumi na mbili na robo jioni, simu ikalia: "Fundi, tumekukumbuka! Nunua kuku mmoja, upate wa pili bure. Leo tu."

Simu ile ilikuwa na siku nne haijalia. Mwanawe wa pekee alipiga mara moja kwa wiki, tena mbiombio, kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Fundi akausoma ujumbe mara tatu. Akazima jiko, akavaa koti.

Siku ya pili ujumbe ukaja saa ile ile. Ya tatu, vilevile. "Huyu anayenikumbuka hakosei hata dakika," akajisemea kwa fahari, maana maisha yake yote aliheshimu mtu wa kushika saa. Kuku wa pili alimpeleka nyumbani ampe mtu. Ampe nani? Akamla mwenyewe, akashushia na soda.

Jirani yake wa ukuta mmoja, mshonaji, aliyekuwa rafiki wa marehemu mkewe, akamwona anapita na mfuko.

"Shemeji, leo tena? Hiyo 'leo tu' mbona haiishi?"

"Huyu mmoja ni wa bure, shemeji."

"Hata panya mtegoni aliambiwa ni bure."

"Cheka tu. Wale wananikumbuka kila siku. Wewe mara ya mwisho kupiga hodi kwangu ni lini?"

Mshonaji akarudi kwenye cherehani yake na uchungu moyoni, na hodi bado hakupiga. Hapo, ndugu zangu, ndipo watu wawili walipokosea kwa pamoja.

Maharage yakachacha sufuriani. Kiatu cha safari za mkahawani kikamchubua kidole, naye hakuhisi, kwani sukari huua hisia, ganzi ikabaki. Alipokwenda hospitali kidole kilikuwa cheusi, na cha pili kimeanza. Wakakata viwili.

Siku tatu alilala wodini akitazama mlango. Wagonjwa wengine walizungukwa na watu. Saa kumi na mbili na robo simu ikalia: "Fundi, tumekukumbuka!" Machozi yakamlenga. Akaandika kwa taabu: "Nimelazwa, mwanangu. Wamenikata vidole. Ahsante kwa kunikumbuka."

Hata simu hajaiweka chini, jibu likaingia: "Asante, Fundi! Leo tu, soda kubwa bure."

Akaitazama saa ya ukutani. Akaisikiliza inavyogonga. Miaka arobaini alifungua matumbo ya saa, na hii moja ikampita machoni. Hapakuwa na mtu kule. Palikuwa na mashine iliyotegwa, ikalia dakika yake ilipofika.

Zilipobaki dakika tano muda wa kutazama wagonjwa uishe, mshonaji akaingia akihema, uzi umemganda begani, bakuli la maharage mkononi.

"Nisamehe, shemeji. Nimechelewa, na chakula chenyewe kimeshapoa."

"Kaa," akasema Fundi. "Mtu ndiye huchelewa."

Akala maharage yale ya baridi mpaka bakuli likawa jeupe.

FUNZO

Muuza chakula halaumiwi kwa kuuza, lakini tujue anachokipenda ni mauzo. "Bure" yake tunailipa kwa miili ambayo Mungu ametukabidhi. Kabla ya kununua cha pili, jiulize kama una njaa ya pili. Na wewe mwenye jirani anayekula peke yake, usingoje mkahawa ukutangulie. Piga hodi leo, hata kama umechelewa.