Mistari Sita ya Mwani

Hata wakati wa likizo Phanice alishuka mtoni kila asubuhi na jerikeni yake. Msimu wa mvua maji yalikuwa na utando wa kijani, naye aliusukuma kando kwa kiganja kabla ya kuteka. Utando huo uliletwa na mbolea iliyosombwa kutoka mashamba ya chai huko juu. Watu wote wa upande ule wa Itumbe walijua, na wakubwa waliambiwa mara nyingi. Walikuja, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao.

Akitoka mtoni alipitia shambani. Baba yake, Ondieki, aliwalea yeye na mdogo wake peke yake tangu mama yao alipofariki akingoja gari la wagonjwa ambalo halikuwa na mafuta. Chai ndiyo iliyowalisha. Mistari kumi na miwili ya chai hiyo ilikuwa imegawanywa kwa uzi mwekundu. Sita ilipewa mbolea kama kawaida. Sita nyingine ilipewa nusu tu ya mbolea, kisha ikanyunyiziwa maji ya mwani.

Sylvanus, mtaalamu wa mimea aliyeleta jaribio hilo, alieleza kwamba mwani humea baharini. Akina mama wa pwani huufunga kwenye kamba ndani ya maji, na mwani hukua bila shamba, bila kumwagiliwa na bila mbolea. Ukisindikwa, maji yake huisaidia mizizi kutumia vizuri kile kidogo kilichomo udongoni. Alisema viwanda vingine vimeanza hata kuutumia kutengeneza mifuko inayooza, badala ya plastiki. Kiwanda cha chai kilitaka kujua jambo moja: mkulima akipunguza mbolea kwa nusu, atapata majani kiasi kilekile? Kama ndivyo, wakulima wengine nao wangeletewa mwani, na mto ungepumzika.

Kazi ya Phanice ilikuwa kupima. Kila baada ya wiki mbili, chai ilipochumwa, majani ya kila upande yaliwekwa katika kikapu tofauti, naye akayapima na kuandika daftarini. Mwalimu Valentine, aliyemfundisha kilimo, ndiye aliyemchagua. Phanice alikuwa amepima mara tano. Ilibaki mara moja.

Alhamisi ya mara hiyo ya mwisho ilikuwa zamu ya egesangio kwao. Majirani wa huko huchuma pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakijipanga bega kwa bega na kwenda moja kwa moja hadi mwisho wa shamba. Baba alikuwa na safari ya Ogembo, akamwachia Phanice neno moja: asiondoke kwenye uzi. Lakini rafiki yake Sharon alimwita barabarani. Boda boda ilikuwa imeanguka na mikungu minne ya ndizi, na dereva alikuwa akibishana na mwenye ndizi kuhusu nani aziokote. Phanice alidhani ni dakika mbili tu.

Aliporudi, uzi ulikuwa umekanyagwa matopeni, na majani yote yalikuwa katika gunia moja.

“Nyanya, mbona mmechanganya?” aliuliza.

Bonareri, jirani mzee aliyekuwa mkubwa wa kundi, hakuinua hata kichwa. “Tumechanganya nini? Chai na chai? Na wewe ulikuwa wapi, kuokota ndizi?”

Wanawake wakacheka. Phanice alipima gunia lile: kilo arobaini na sita. Ngapi za mwani? Hakuna mtu aliyeweza kujua. Sharon alimshauri agawanye katikati, kisha ahamishie kilo moja upande wa mwani ili Sylvanus afurahi. Phanice aliandika ishirini na nne, na ishirini na mbili. Chakula cha jioni kilimshinda. Baba alipomuuliza kama anaumwa, alisema ni tumbo.

Ijumaa asubuhi Sylvanus alifika pamoja na Mwalimu Valentine. Alisoma daftari, akatabasamu. Alisema Jumatatu angeipeleka hesabu hiyo kwenye mkutano wa kiwanda, na wakulima arobaini wangepunguza mbolea kwa kuiamini. Phanice aliwafikiria hao arobaini. Itakuwaje majani yao yakipungua? Watoto wao watakula nini?

“Mwalimu, hizo za mwisho nimezitunga,” alisema. “Niliondoka. Wakachanganya.”

Baba akasimama. Sylvanus akafunga daftari polepole. Kisha Mwalimu Valentine akampa kalamu, akamwambia akate namba zile mbili kwa mstari na kuandika kando kilichotokea. Sylvanus alikubali kuwaambia wenye kiwanda kwamba pamebaki pengo. Walipewa wiki mbili nyingine.

Safari hii baba hakwenda popote. Alifunga kamba za mgomba kutoka mstari hadi mstari, akawaeleza wanawake kwa Ekegusii, lugha yao, sababu ya kamba hizo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Bonareri akasikiliza, kisha akageuka askari. Aliyenyoosha mkono kupita kamba alipigwa kofi la kiganja.

Upande wa mbolea kamili ulitoa kilo ishirini na tatu. Upande wa mwani ulitoa ishirini na tatu na nusu. Kiwanda kikakubali wale wakulima arobaini waanze.

Jioni baba alimkuta Phanice akilitazama daftari, kwenye zile namba zilizokatwa.

“Usiziondoe,” alisema. “Huko juu maofisini wamo wanaojaza karatasi bila kugusa jani moja. Waliandika kwamba gari la wagonjwa lina mafuta, na mama yako akalingoja. Mimi sikusoma, siwezi kuwatoa kwenye viti vyao. Lakini mwanangu, usiandike usichokipima, maana yupo mtu atakayekiamini na kuishi kwacho.”

Phanice alilifunga daftari, akachukua jerikeni, akashuka mtoni.